Umeibiwa kura? Angalia muhuri kwanza!

Haya msomaji wangu, leo mambo ya saluni na wachumba wasiooa tuyaweke kiporo. Tuongee mahakama. Usigeuze ukurasa bwana, utamu uko mbele.

Hapa Tunduma tunajuana. Uchaguzi wa mitaa ukipita, kama ule wa Novemba 27, 2024, vijiweni stori huwa ni moja: fulani kakatwa jina, fulani kaonewa, lazima aende kortini. Na wala si ujinga. Mwenyekiti wa mtaa si cheo cha mchezo. Ukitaka barua ya utambulisho, ukitaka kumwekea ndugu dhamana, ukigombana na jirani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja, safari inaanzia kwake. Basi watu wanachanga, wakili anatafutwa Vwawa au Mbeya, na siku ya kesi nusu ya mtaa inahamia Mahakama ya Wilaya.

Kumbe upande wa pili wamekuja na pingamizi la awali. Baada ya muda mfupi watu wanatoka wameinamisha vichwa. Kura je? Hazijaguswa. Kiapo kibovu!

Mimi nimeishia fomu foo, sheria si fani yangu, lakini hili nimelifuatilia kwa sababu linaudhi. Kila ombi dogo linaloizunguka kesi ya namna hii, la kuongezewa muda au la kusimamisha jambo fulani, linabebwa na hati ya kiapo. Hati ikianguka, ombi nalo chali. Ukisema uandike nyingine, siku za kufungua zimekwisha.

Sasa ubovu wenyewe ni upi? Angalia mwisho wa karatasi, pale panapotakiwa kuandikwa kiapo kimeapwa wapi, lini na mbele ya nani. Mawakili wanapaita jurati. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, katika shauri la kampuni ya D.B. Shapriya dhidi ya Bish International, ilisema kutaja mahali ni lazima, siyo hiari. Neno moja tu la mahali halipo, hati inatupwa.

Hebu sasa fikiria mazingira yetu. Karatasi imechapwa steshenari ya hapa mjini, mgombea anaipeleka Mbeya kwa Kamishna wa Viapo, anarudi na gari la jioni. Chini imeandikwa "Tunduma". Mhuri unasema Mbeya. Wakili wa upande wa pili akiona hivyo anatabasamu kama fisi aliyeona mfupa. (Na wewe unayewaza kuvuka barabara tu uigongeshe Nakonde kwa sababu ni jirani, ile ni Zambia, ndugu yangu. Acha.)

Kuna ugonjwa wa pili, huu ndio unaoua wengi: kuapia ya kusikia. "Niliambiwa masanduku yaliingizwa usiku." Uliambiwa na nani? Katika shauri la Salima Vuai Foum, lililoripotiwa mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ilisema kiapo kilichotokana na habari za watu kisifanyiwe kazi kama aliyezitoa hakutajwa. Hapo mimi niko na majaji kabisa. Mji huu kwa umbea! Foleni ya malori tu ikisimama, saa moja baadaye unasikia sababu sita, zote zina mashahidi.

Ugonjwa wa tatu ni kuhubiri. Mtu anaapa kwamba uchaguzi ulikuwa batili na anaiomba mahakama iufute. Hayo ni maombi na hoja, si mambo aliyoyaona. Tangu mwaka 1966, kwenye kesi maarufu ya Matovu kule Uganda, korti za Afrika Mashariki zinalikataa hilo.

Ila hili la jurati linanikera. Mwaka 2002 huohuo, kwenye kesi ya Ndyanabo, Mahakama ya Rufani iliiondoa sheria iliyomtaka anayepinga ubunge aweke shilingi milioni 5 kwanza, kwa kuwa ilimfungia mlango mtu wa hali ya chini. Safi sana. Lakini mtu huyohuyo si ndiye atakayeshindwa kumlipa wakili makini wa kumkagulia karatasi? Mlango wa hela umefunguliwa, wa karatasi bado mwembamba.

Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na mambo ya kiufundi. Na njia ipo. Kizza Besigye alipopinga urais wa Museveni mwaka 2001, Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuta viapo vyenye maneno ya kusikia. Haikuvichoma vyote, ilichuja mabovu ikabaki na mazima. Besigye alishindwa kwa majaji 3 dhidi ya 2, lakini alisikilizwa. Hata kwetu majaji wamewahi kufuta aya mbovu tu na kuendelea na zilizobaki. Tatizo ni kwamba unakuwa bahati nasibu: huyu atachuja, yule atatupa.

Halafu kuna la lugha. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini Kiingereza hakijatoka. Shahidi wako anaweza kuwa mama wa Kinyamwanga aliyeona kila kitu kituoni kwa macho yake mawili, kisha akawekewa kurasa tano za Kiingereza abonyeze dole gumba. Aliyeapa anaweza kuitwa aulizwe maswali juu ya kiapo chake, na wakili mjanja hapotezi muda na masanduku ya kura. Anaanza hivi: mama, hii karatasi alikusomea nani?