Mavuno, kibanda na mahindi ya jirani

Kwetu Mhezi mavuno yakiisha tunapeleka malimbuko kanisani. Wayahudi wana Sukot, Sikukuu ya Vibanda: siku saba familia inakula, na wengine hulala, ndani ya kibanda kilichoezekwa kwa matawi, wakikumbuka safari ya jangwani. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao huiadhimisha.

Mimi nimeguswa zaidi na agizo la Walawi 23:22: usivune mpaka kingo za shamba, mwachie maskini na mgeni. Ila mama, ukimgawia bibi jirani, usimchagulie mahindi yenye ukungu. Sumukuvu haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yaliyooza yafukie. Kuku wasipewe, wala yasiende kwenye pombe.