Siku za nyumbani baada ya upasuaji wa kope
Upasuaji wa vikope, yaani trakoma, ugonjwa uliosumbua sana sehemu kavu kama Kongwa mkoani Dodoma, hugeuza ukingo wa kope ili nywele zake zisiendelee kukwaruza kioo cha jicho. Hufanywa kwa ganzi ya sehemu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo akiwa na bandeji, ambayo kwa kawaida huondolewa kesho yake. Kope huvimba na kuvilia damu; kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito husaidia. Nyuzi za hariri hutolewa baada ya wiki moja au mbili, zile zinazoyeyuka kwa kawaida huachwa.

Kazi ngumu hasa ni kutolipikicha jicho. Moshi wa kuni na vumbi huliwasha, na mkono uliozoea kibano cha kung'olea nywele za kope kwa miaka mingi hukimbilia huko wenyewe. Kwa hiyo jikoni apike mwingine. Maumivu yanayozidi, usaha au uoni unaofifia humrudisha mgonjwa kituoni bila kungoja. Kope huweza kujipinda tena, hivyo hukaguliwa baada ya miezi 3 hadi 6.