Ashuru na Siria: Jina Moja au Mawili?

Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kukwamishwa na swali la mtoto wakati wa kusoma Biblia nyumbani? Sisi tulikwama kwa Naamani. Biblia ya baba watoto ilisema ni jemadari wa Shamu. Ile ya mtoto, Habari Njema, ikasema Siria. "Basi Siria ndiyo Ashuru alikotumwa Yona?" akauliza. Tukabaki kukoroga chai.

Ukweli ni kwamba katika Agano la Kale hizo ni nchi mbili, tena maadui. Ashuru ilikuwa kando ya mto Tigris, ule Hidekeli wa kitabu cha Mwanzo, na Ninawi ulikuwa mji wake. Shamu, ambayo Waebrania waliiita Aramu, ilikuwa magharibi, na mji wake Dameski. Mwaka 732 kabla ya Kristo, Waashuru waliuteka Dameski.

Lakini majina yenyewe ni ya tumbo moja. Mwaka 1997, karibu na Adana huko Uturuki, lilipatikana jiwe la kale lenye maandishi ya lugha mbili. Pale ambapo Kifoinike kinasema Ashuru, Kiluwi, lugha ya wenyeji wa huko, kinasema Sura. Ni kama Elizabeti anayeitwa Beti nyumbani! Wayunani wakalichukua lile jina fupi, na baadaye likashikamana na nchi za magharibi, hata majirani wakadhani Elizabeti na Beti ni watu wawili.

Tungeishia hapo, ila wako akina mama wenzetu ambao jambo hili linawagusa mpaka jikoni. Ni Wakristo wenye asili ya Iraki, Siria, Uturuki na Irani, wanaosema Kiaramu cha siku hizi, lugha ya ukoo mmoja na ile aliyoisema Yesu. Mauaji ya mwaka 1915 yaliwatawanya. Mwaka 2014 wengine walifukuzwa Mosul na vijiji vya uwanda wa Ninawi. Tangu miaka ya 1960 wengi wamehamia Uswidi, hasa mji wa Södertälje, na huko wamegawanyika. Hawa husema: sisi ni Waashuru, tukiitwa kwa jina la Siria tutadhaniwa Waarabu wa Dameski. Wale husema: sisi ni Waaramu, na jina letu la kanisa ni lile la Siria, Ashuru ni jina la wapagani wa Ninawi. Yako mambo ya siasa pia. Na mama aliyezaliwa upande huu akaolewa upande ule, amwambie mwanawe yeye ni nani?

Hata timu za mpira ni mbili: Assyriska, iliyoanzishwa mwaka 1974, na Syrianska, ya mwaka 1977.

Mtoto wetu aliposikia habari za timu, Naamani akasahauliwa kabisa. Alitaka kujua nani humfunga mwenzake.