Nani Ahesabu Vichwa Chumbani?

Kuanzia Kayole hadi Huruma, wapangaji wengi wa Eastlands wanalijua jambo hili. Mtu ameingia chumbani na mkewe na mtoto mmoja. Mdogo wake aja kutoka mashambani kutafuta kazi, au mtoto wa pili azaliwa, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba ataka kodi iongezwe, ama chumba kihamwe. Je, sheria yamruhusu? Sisi twajibu kwamba yamruhusu kuweka idadi, lakini haimruhusu mengi ayatendayo kwa kisingizio cha idadi hiyo.

Mkataba ni mkataba. Idadi ikikubaliwa kabla ya ufunguo kutolewa, mpangaji aifuate. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, yataja uvunjaji wa masharti miongoni mwa sababu za kumwondoa mpangaji, na vilevile kukodisha chumba kwa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Lakini ndugu aliyetandikiwa mkeka hakukodishiwa kitu, wala mtoto mchanga hakulipa amana. Sharti lililotungwa mlangoni baada ya miaka miwili ya kupokea kodi si sharti la mkataba hata kidogo.

Wenye nyumba husema kwamba wanalinda afya. Hoja hii haina budi kupewa heshima yake, kwani Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yahesabu nyumba iliyojaa watu kupita kiasi kuwa kero inayohatarisha afya. Hata hivyo haitaji idadi. Wanaopewa kazi ya kuamua ni maofisa wa afya na mahakama, wala si mlinzi wa ploti anayebisha hodi saa nne za usiku. Uingereza, katika sheria yake ya nyumba ya mwaka 1985, ilipima kwa vyumba na kwa ukubwa wa sakafu: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hahesabiwi kabisa, na aliye chini ya miaka kumi ni nusu mtu. Bunge letu lingeweza kuandika kipimo kama hicho kwa siku moja, likitaka.

Twauliza pia, mbona afya haikukumbukwa ploti ilipojengwa, familia kumi zikapewa choo kimoja? Jengo la ghorofa sita lililoporomoka Huruma kando ya mto mwezi wa Aprili 2016 liliua watu wapatao 50. Tusiambiwe kwamba kosa la Eastlands ni la aliyemkaribisha nduguye.

Na kuhesabu huku si kugeni. Wakoloni walipojenga mitaa kama Shauri Moyo na Ziwani walimwona mfanyakazi Mwafrika kuwa mseja wa kupita, wakamkodishia nafasi ya kitanda. Mke na watoto walitakiwa wabaki mashambani. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilipendekeza mshahara wa kutosha familia, jambo ambalo mwenye chumba kimoja Dandora bado analisubiri.

Kwa hiyo mpangaji afahamu haya. Hata pale alipovunja sharti, hatolewi kwa nguvu za mwenye nyumba. Chini ya Sura ya 296, kumfukuza mpangaji bila idhini ya Baraza la Kodi ni kosa la jinai. Hali kadhalika kumsumbua kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi. Kung'oa mlango na kukata stima tunakuweka humo. Adai risiti, na sharti lolote jipya alitake kwa maandishi.

Lakini ngao hiyo ina tundu kubwa: yawahusu tu wenye nyumba ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni vyumba vingapi vya mawe vya Umoja vipatikanavyo kwa bei hiyo? Waliobaki nje wana mahakama za kawaida na Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 43 yampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Wapangaji wa nyumba za reli za Muthurwa, walioanza kubomolewa mwaka 2010, waliitegemea Katiba hiyo, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya makazi ilikuwa imevunjwa. Iliwachukua miaka mitatu na mawakili. Twawataka wabunge wa Eastlands wakiondoe kiwango hicho cha 2,500, ili mpangaji wa Kayole afike barazani kwa nauli ya matatu tu.