Sungura wa Kufugwa Si Sungura wa Hadithi

Desturi ya kumfuga sungura nyumbani kwa ajili ya kuwafurahisha watoto imekwisha kuingia katika vitongoji vingi vya miji yetu, na Kiseke katika Manispaa ya Ilemela ni mojawapo. Hakuna ubaya katika jambo hili. Sungura ni mnyama mpole, hana kelele, hahitaji malisho mapana, na mtoto anayemtunza hujifunza wajibu angali mdogo. Ubaya upo katika utaratibu wetu wa kumpokea. Mnyama hununuliwa leo, banda hutafutwa kesho, na elimu ya kumlisha hutafutwa siku ambayo amelala ubavu na kukataa chakula. Maoni ya makala hii ni kwamba utaratibu huo yafaa ugeuzwe: elimu itangulie, banda lifuate, na mnyama aje mwisho. Aidha, wajibu wa elimu hiyo ni wa muuzaji kama ulivyo wa mnunuzi.

Wanyama wawili, jina moja

Chanzo kimoja cha makosa ni jina. Kiswahili humwita sungura yule mjanja wa hadithi zetu, na humwita sungura huyu wa kizimbani pia. Kitaalamu hao ni wanyama wawili mbalimbali. Sungura wa porini wa kwetu ni wa jenasi ya Lepus. Mwaka 1893 mwanazuolojia wa Uingereza, Oldfield Thomas, alimpa mmoja wao jina la Lepus victoriae kutokana na mfano uliopatikana Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mashariki ya Mwanza. Yule wa kizimbani ni Oryctolagus cuniculus, ambaye asili yake ni Hispania na kusini mwa Ufaransa. Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa juu ya ardhi akiwa na manyoya na macho wazi. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, macho yamefumba, naye huyafumbua baada ya siku 10 hivi. Wa kwanza ana kromosomu 48, wa pili ana 44, wala hawawezi kuzaliana.

Tofauti hii ina matokeo nyumbani. Imani iliyoenea mno kuwa sungura hanywi maji yaelekea inatokana na kumtazama mnyama wa porini, ambaye hupata sehemu kubwa ya maji yake katika majani mabichi na umande. Hata yule wa kizimbani, akilishwa majani mateke wakati wa masika, huonekana kana kwamba hana haja ya maji. Lakini ukifika mwezi wa Juni, mvua ikakatika na majani yakakauka, mnyama yule yule huwa katika hatari kubwa. Sungura aliyekomaa huhitaji kati ya mililita 50 na 150 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa hiyo sungura wa kilo 2 huhitaji mililita 100 hadi 300, na jike anyonyeshaye huhitaji zaidi sana. Akikosa maji hupunguza kula. Akipunguza kula, chakula kilichomo tumboni hukauka na utumbo husimama. Ni jambo la kusikitisha kwamba mnyama aweza kufa kwa kiu katika mji uliojengwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika.

Tumbo lake hufanya kazi namna gani

Sungura hana matumbo manne kama ng'ombe, wala hacheui. Kazi ya kuyachachusha majani hufanyika nyuma, katika mfuko mkubwa wa utumbo uitwao sekamu, ambamo huishi bakteria wengi wenye manufaa. Nyuzinyuzi za nyasi ndizo zinazousukuma utumbo usisimame. Sehemu laini za chakula huingia katika sekamu, huchachushwa, kisha hutoka kama kinyesi laini chenye vitamini za kundi B na protini, nacho sungura hukila moja kwa moja kutoka njia ya haja, aghalabu usiku au alfajiri. Mwenye kufuga kwa mara ya kwanza akiona hivyo hudhani ni ugonjwa au uchafu, akajitahidi kumzuia. Asimzuie. Hicho ni sehemu ya chakula chake.

Vile vile meno yake yote 28 huendelea kukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa juma, na kinachoyapunguza yote ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Asiyepata nyasi meno yake hurefuka, hupinda, na hatimaye hushindwa kula akiwa mbele ya bakuli lililojaa.

Kutokana na hayo, kanuni ya chakula chake ni nyepesi. Sehemu nane katika kumi ziwe nyasi: ukoka, mabingobingo yaliyokatwa, au nyasi zilizokaushwa vizuri juani zisizo na ukungu. Juu yake huongezwa mafungu madogo ya majani ya mboga, kama vile matembele. Chakula cha viwandani au pumba viwe kidogo, kiasi cha gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Karoti ina sukari nyingi. Kipande kidogo mara moja moja chatosha.

Bahati mbaya, upendo wa nyumbani hufanya kinyume. Sungura hupewa ugali uliobaki, mkate, michembe na makopa, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyopo na yeye huvila kwa furaha. Vyote hivyo ni wanga. Wanga ukizidi hufika katika sekamu bila kumeng'enywa, huwalisha bakteria waharibifu wa kundi la Clostridium, nao hutoa sumu. Mnyama huharisha na aweza kufa katika muda wa siku moja au mbili. Watoto wanaoachishwa kunyonya ndio walio dhaifu zaidi, nao ndio wanaouzwa kwa wingi kuwa zawadi. Kila badiliko la chakula lifanywe polepole, kwa muda wa juma zima.

Mwenye kukata majani ajue pia yaliyo na madhara. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo yana sumu. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi. Magugumaji ya ziwani ni maji kwa sehemu kubwa sana, tena hufyonza madini mazito. Kwa hiyo yasichukuliwe katika ghuba zinazopokea maji machafu ya mji. Majani yaliyorundikwa yakiwa yamelowa, yakapata joto na kuchacha, yatupwe.

Dawa ya binadamu na chakula cha kuku

Yapo makosa mawili ambayo huua kwa nia njema. La kwanza ni kumpa sungura dawa ya vidonge iliyobaki kabatini. Amoksilini, ampisilini, linkomaisini na klindamaisini, zikipita kinywani mwa sungura, huwaua bakteria wema wa sekamu na kuwaachia nafasi wale wenye sumu. Dawa iliyomponya mtoto kikohozi yaweza kumuua sungura wake. Hali kadhalika dawa ya viroboto yenye fiproni, ambayo mbwa huivumilia, ni sumu kwa sungura.

Kosa la pili ni kumlisha chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula hivyo huchanganywa dawa za kuzuia koksidia kama salinomaisini na narasini. Kuku huzistahimili, sungura hazistahimili.

Koksidia huwapata sungura pia, hasa walio wachanga, na huwaharibu matumbo na ini. Lakini vijiyai vyake vikitoka katika kinyesi huhitaji unyevu na muda, siku moja au zaidi, kabla ya kuweza kuambukiza. Hivyo ufagio wa kila asubuhi na sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi ni kinga halisi. Masikio yakifanya magamba, huo ni ukurutu wa masikio, na tiba yake ni ya daktari wa mifugo. Dalili kubwa kuliko zote ni moja: sungura asiyekula kwa saa 12 ni mgonjwa wa haraka, wala asingojewe hadi kesho. Hawezi kutapika, na utumbo uliosimama haujirudii wenyewe kwa urahisi.

Banda nalo lifikiriwe. Sungura hatoki jasho. Hujipoza kwa masikio yake. Joto likipita nyuzi 30 yumo hatarini, na chini ya bati, karibu na miamba yetu iliyochomwa na jua mchana kutwa, joto hufika hapo upesi. Banda liwe kivulini, lipate upepo, lisinyeshewe. Wala asibebwe kwa masikio. Ashikwe kifuani na chini ya miguu ya nyuma, kwa maana akijipiga mateke kwa hofu aweza kujivunja mgongo mwenyewe.

Pingamizi na jibu lake

Watakuwapo watakaosema: mbona jirani amefuga kwa pumba na makombo miaka mingi, na banda lake limejaa? Hoja hii yastahili jibu. Jike hubeba mimba siku 31 tu, na aweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa. Wakizaliwa wanane wakafa watano, banda bado litaonekana limejaa. Wingi wa uzazi huficha wingi wa vifo. Mfugaji wa nyama aweza kuivumilia hasara hiyo, ingawa ni hasara vile vile. Mtoto aliyempa jina sungura wake mmoja hana wa kufidia. Kipimo cha ufugaji mwema, basi, ni idadi ya waliokua kati ya waliozaliwa.

Kwa maoni yetu yapo mambo matatu yawezayo kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, muuzaji asimtoe sungura aliye chini ya majuma 8, naye ampe mnunuzi fungu la chakula alichozoea pamoja na maelezo ya maji, nyasi na dawa zilizo haramu kwake. Pili, walimu wa sayansi wautumie mfano wa sungura kufundisha mmeng'enyo wa chakula, kwani ni somo linaloonekana kwa macho. Tatu, taasisi zetu za mifugo, kama TALIRI yenye kituo chake Mabuki wilayani Misungwi, ziandike karatasi moja ya Kiswahili chepesi, nao maafisa mifugo wa kata waisambaze. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeweka wajibu wa matunzo juu ya mwenye mnyama. Ni vigumu kumdai mtu wajibu ambao hakufundishwa namna ya kuutimiza.

Mzazi aliyekwisha kuahidi sungura nyumbani hana budi kujiuliza, kabla ya kwenda sokoni, maswali manne. Nyasi zitatoka wapi mwezi wa Agosti? Nani atabadilisha maji kila asubuhi, hata siku za shule? Banda litapata kivuli saa nane mchana? Daktari wa mifugo aliye karibu ni nani? Akiwa na majibu manne, na anunue. Akikosa hata moja, mtoto angoje kidogo. Kungoja hakujamuua sungura yeyote.