BUSTANI YETU: Karoti tatu za bibi jirani

Mwezi huu nawaandikia juu ya mashindano ya mboga, kwa sababu darasa langu linajiandaa kwa shindano la karoti mwishoni mwa muhula. Pia kuna mama mmoja alinijia na swali, na jibu lake linawahusu wote wanaojiandaa kurudi upande wa Rumonge na Nyanza-Lac.

Yule mama alisema hivi: "Mwalimu, tumeshajiandikisha kurudi. Pesa ya kuanzia maisha nikiipata, nataka kununua mbegu ya viazi mviringo, vile ibiraya, nipande kule kwetu karibu na ziwa. Sokoni vina bei nzuri. Unaonaje?"

Nilimwambia asipande. Akacheka. "Wewe unafundisha hesabu, kilimo umekijulia wapi?"

Basi nikamsimulia kisa changu. Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 12, tukiishi Rumonge. Shule yetu iliandaa maonyesho ya mboga, kila familia ilete mazao yake. Mimi nilitaka kuwashinda wote. Niliona kila mtu ataleta mihogo, ndizi na lengalenga, nikasema sisi tutaleta viazi mviringo. Nilimsumbua baba mpaka akauza kidumu cha mawese, akanunua mbegu ya viazi vilivyoshuka kutoka milima ya Mugamba.

Tulipanda mwezi wa pili. Loo, majani yalivyopendeza! Yalifika magotini, na majirani walisimama kuangalia. Siku ya kuchimba, chini tukakuta viazi vidogo kama gololi, vikubwa kabisa vilikuwa kama yai la kuku. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Umelima majani, mwanangu." Kidumu cha mawese kilikuwa kimekwenda.

Nilielewa sababu baadaye, nilipofika sekondari. Kiazi mviringo hupenda baridi. Udongo ukiwa na joto la digrii 15 hadi 20, mmea unaweka chakula chini na viazi vinanenepa. Joto likipita hapo, viazi vinapungua, na likikaribia digrii 30 karibu vinaacha kabisa kujiunda, mmea unabaki kuotesha majani. Mugamba ni juu, kuna sehemu zinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 tu, na wote mnalijua joto lake. Mbegu haikuwa mbaya, baba hakuwa mvivu. Mahali ndipo hapakufaa.

Aliyeshinda siku ile alikuwa bibi mmoja jirani yetu. Alileta karoti tatu tu. Hazikuwa kubwa, mimi nilizicheka. Lakini bwana shamba aliyekuwa jaji alizipanga mezani, akatuonyesha: zote urefu mmoja, unene mmoja, rangi moja, zimenyooka, hazina nyufa wala mizizi miwili kama miguu ya chura. Akasema, "Kubwa moja inaweza kuwa bahati. Tatu zinazofanana ni kazi."

Hata Uingereza, ambako watu wanashindania mboga tangu zamani, majaji huangalia hivyo hivyo. Wakulima wao hujaza mapipa mchanga, wanatoboa mashimo marefu kwa mtaimbo, wanajaza udongo laini uliochekechwa, na karoti inateremka hata kupita mita moja. Bibi yetu hakuwa na pipa. Alikuwa na mchanga wa pwani ya ziwa, akauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu.

Kwa hiyo, kwa shindano letu, fanyeni hivi:

1. Chukueni gunia kuukuu au ndoo iliyotobolewa chini. Changanyeni mchanga na udongo mliochekecha. Jiwe dogo tu linaipasua karoti iwe na miguu miwili.

2. Msitie samadi mbichi. Nayo inaleta miguu miwili na majani mengi.

3. Pandeni mbegu pale pale itakapokua, kina cha sentimita 1. Karoti haipendi kuhamishwa.

4. Udongo usikauke mpaka mbegu iote, kama wiki mbili hivi. Funikeni kwa nyasi, na maji ya kuoshea mboga msiyamwage.

5. Zikiota, ng'oeni nyingine ili kati ya karoti na karoti pawe na sentimita 5. Hapa watoto wanaona huruma. Msione huruma.

6. Mabega ya karoti yakitokeza juu, yafukieni, yasigeuke kijani.

Baada ya miezi mitatu hivi mtavuna. Kila mshindani alete karoti tatu. Osheni kwa maji na kitambaa laini, msizikwangue.

Na anayerudi nyumbani pwani akumbuke: hata karoti inapenda ubaridi kidogo. Panda mwezi wa sita, usiku ukiwa umepoa, umwagilie, na tafuta aina fupi kama Chantenay. Pesa kubwa iweke kwenye mihogo, viazi vitamu na maharage, vitu ambavyo ardhi ile inavijua. Viazi mviringo waachieni ndugu zetu wa milimani, tuvinunue kwao. Ukitaka sana kujaribu, jaribu kwa mbegu kumi, siyo kwa gunia.

Yule mama aliniambia atafikiri. Sijui ataamua nini, pesa ni yake. Ila juzi nilimkuta bombani na mtoto wake wa darasa la tano, yule aliyezaliwa hapa kambini na ambaye Rumonge anaisikia tu kwenye hadithi. Walikuwa wanachekecha mchanga kwa chandarua kilichochanika. Mtoto akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli kule kwetu mchanga hauishi?"

Nikamwambia ni kweli, pale ziwani hauishi.

Tukutane mwezi ujao. Maswali yenu mpeni mtoto alete shuleni.

Wenu,
Mwalimu wa kujitolea, darasa la tano