Figa la Tatu

Chini ya milima ya Uluguru, katika Manispaa ya Morogoro, ipo kata iitwayo Mafiga. Mtu wa mwambao alisikiapo jina hilo hahitaji mkalimani: mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, ambayo yeye huyaita mafya. Wahenga walikwisha kutoa hukumu yao, kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Wala mawili hayakiinjiki. Lakini hilo waandaaji wa shughuli za muziki na ushairi, bara na visiwani, hujifanya hawalijui. Chungu chao kimekaa juu ya mawe matatu, nao huhesabu mawili: mtunzi na mwimbaji. La tatu, yaani fundi mitambo, halimo katika hesabu.

Iwe ni harusi ya Mafiga au tamasha la Unguja, mambo ni yaleyale. Fundi hufika jua likiwaka, kabla hata ya viti kupangwa, akatandaza waya, akajaribu spika moja baada ya moja katika ukumbi mtupu. Usiku watu wakijaa, kazi yake huanza upya, kwani miili na nguo hunywa sauti, na ukumbi uliokuwa ukirudisha mwangwi mchana huwa mwingine kabisa. Mshereheshaji humkumbuka mara moja tu: pale kipaza sauti kinaposikia sauti yake yenyewe kutoka katika spika, kikairudisha, ikakuzwa tena na tena hata ikawa mluzi wa kutoboa masikio. Hapo ndipo shingo zote humgeukia. Shughuli ikenda vyema, sifa ni za wengine. Ikiharibika, lawama ni yake peke yake. Ni kazi gani hii ambayo mwenyewe hujulikana kwa kosa tu?

Wapo wasemao kwamba huyu ni mpandishaji na mshushaji wa sauti, basi. Na kwamba malenga wa kale walighani bila umeme, na beti zao zikasikika. Kweli zilisikika, kwa kuwa zilighaniwa barazani na uani, baina ya kuta, mbele ya watu waliokaa karibu. Mtoe malenga huyohuyo, umsimamishe uwanjani mbele ya umati, jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa, kisha uulize nini kimebaki katika shairi lake.

Jibu wapenzi wa ushairi wanapaswa kulijua kuliko watu wote. Irabu zina nguvu, na nguvu hiyo aghalabu imo katika masafa ya chini. Konsonanti nyingi ni dhaifu, na utambulisho wake umo katika masafa ya juu. Besi ikizidishwa ovyo, irabu huvuma na konsonanti hufa. Kata husikika kama pata, saa kama faa. Na kina cha shairi si irabu tupu, ni silabi nzima. Konsonanti ikipotea, kina hakipo. Mshairi amehesabu mizani zake kumi na sita, amelinganisha vina vya kati na vya mwisho, na kinachomfikia msikilizaji ni mngurumo. Basi anayelinda kina usiku ule ni nani, kama si fundi?

Morogoro wangekuwa wa kwanza kulielewa hili. Ni mji wa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, na gitaa lake lingali linasikika. Bendi nyingi za zama zake zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikipiga kwa pamoja, na mizani baina ya sauti ya mwimbaji, magitaa na ngoma iliamuliwa palepale. Mpiga gitaa anatajwa, mwimbaji anatajwa. Aliyekaa nyuma ya kioo ni wachache mno wawezao kumtaja. Visiwani nako si tofauti. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, hapana budi palikuwa na mtu aliyepima umbali baina ya kinywa chake na kipaza sauti. Nani anamjua?

Sheria nayo imenyamaza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Kisha inawapa hakishiriki waigizaji na waimbaji, watayarishaji wa rekodi, na vyombo vya utangazaji. Fundi mitambo hayumo.

Hapana anayedai kwamba fundi aitwe mtunzi. Wala si mafundi wote wasio na dhambi. Wamo wanaodhani kelele ni ubora, nao hao ndio wauaji wakubwa wa mashairi. Tena ni kweli kwamba fundi hodari ni yule ambaye kazi yake haionekani. Lakini kazi kutoonekana ni jambo moja, na mtu kufutwa ni jambo jingine. Mfasiri mwema naye hujificha nyuma ya matini, na bado jina lake huchapwa katika kitabu.

Kinachotakiwa si kikubwa. Jina la fundi liandikwe katika ratiba na katika jalada la rekodi. Muda wa kupima sauti uwekwe katika mkataba, usiliwe na hotuba za wageni rasmi. Ujira wake ulipwe usiku uleule alipwao mwimbaji, si baada ya wiki za njoo kesho. Mwandaaji anayeona hayo ni mazito na aondoe figa la tatu, kisha ainjike chungu chake.